Radhi ya Mkono wa Kushoto

Mwanamume aliyekuwa akifundisha kwenye video alisema weka kioo. Mimi nikaona kioo hakina kazi. Aibu yote ninayoisimulia hapa ilianzia hapo, kwenye kioo cha meza yangu ya kuchania nywele. Nilikipachika ndani ya katoni kikaanguka, nikakipachika tena kikaanguka tena, nikakirudisha chumbani huku nikisonya.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge jirani na Kilosa. Mhandisi Mzungu wa shamba lile alipofungasha kurudi kwao aligawa vitu vyake. Mpishi akapata kitanda, dereva akapata baiskeli, baba akapata kamera ndogo ya sinema pamoja na projekta yake. Wenzake walimcheka. Kamera ile ilitumia filamu nyembamba, isiyofikia upana wa kidole changu cha mwisho, na kila mkanda ulioisha ulipaswa kutumwa Dar es Salaam, na Dar nao wanautuma ng'ambo kusafishwa. Unarudi watu wameshasahau nguo walizovaa siku ile. Baba hakujali. Alimpiga picha kila aliyesimama mbele yake, na wengine waliokuwa wakimkimbia.

Halafu mama yangu akafa, mimi nikiwa bado natambaa. Baba akaifunika kamera. Balbu ya projekta ilipoungua hakutafuta nyingine, na mikanda ikalala ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati muda wote niliokua. Mwaka juzi baba naye alituacha. Katika kugawana vitu, ndugu zangu wa mama mwingine walichukua cherehani, redio na shamba la Zombo. Mimi nikaomba kopo, na hakuna aliyegombana nami.

Niseme wazi nilichokuwa nakitafuta. Mama yangu simjui. Nina picha yake moja ya harusi, amesimama kama mtu aliyeambiwa asipumue. Mengine yote niliyoyajua juu yake nilisimuliwa na upande wa baba, na upande wa baba hawakumpenda. Wao walikuwa watu wa Songea waliokuja kukata mkonge, wenye adabu zao na lugha yao ya nyumbani. Yeye alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, amezaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi pale stesheni. “Mtoto wa kota,” ndivyo walivyomwita, maana yake hakufundwa.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, ndiye aliyenilea, na alinilea vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini nilipomjibu mkubwa bila kuinama, au nilipolala nimeacha sufuria chafu, hakuchelewa kusema, “Mama yako mtupu.” Nilikua nikiamini kwamba siku moja nitapata ushahidi wa kumtetea mama, na kwamba ushahidi huo uko kwenye lile kopo. Kumtetea mama ndiyo kazi niliyojipa, na ndiyo niliyoiharibu.

Naishi Mikumi, naoka keki za sherehe. Kazi ya keki inafundisha mikono utulivu, ingawa mdomo haiufundishi kitu. Projekta niliifufua mwenyewe. Mpira wake wa kuzungushia ulikuwa umeoza, nikakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mahali pa balbu nikafunga taa ya tochi, kwa sababu balbu za zamani zina joto la kuunguza filamu, na hii yangu haiunguzi hata nzi. Mikanda yenyewe ilikuwa inanuka siki, ndivyo filamu zinavyonuka zikianza kuchoka. Niliifungua polepole, nikaifuta kwa kitambaa laini, kwa vidole vilevile vinavyobandika maua ya sukari. Hadi hapo sikuwa na haraka, na hadi hapo sikukosea.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuzihamisha picha kutoka kwenye filamu kwenda kwenye simu. Yule bwana wa kwenye video alitengeneza boksi. Projekta inapiga picha kwenye kioo kilicholazwa mshazari, kioo kinairusha kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, na kamera inakaa upande wa pili wa karatasi, inarekodi. Karatasi ninayo, ile ya kuokea keki, inafaa kabisa. Kioo ndicho kilichonishinda. Nilipokiondoa nikaielekeza projekta kwenye karatasi moja kwa moja, simu nikaiweka kwa nyuma, na picha ikatokea, tena kali kuliko mwanzo.

“Yule bwana kasema kioo,” mume wangu alisema kutoka mlangoni. Ni dereva wa lori mstaafu, na siku hizi kazi yake ni kunisimamia.

“Yule bwana hana keki ya harusi ya kupeleka saa nane.”

“Lazima kina kazi.”

“Kina kazi ya kuvunjika,” nikamwambia, naye akaenda zake kufukuza nyani kwenye pipa la taka.

Madirisha ya sebule nilikuwa nimeyaziba kwa mablanketi mchana kweupe, mpaka jirani akaja kuuliza kama tumefiwa. Nilimwambia hapana, tunafufua. Nilikuwa na furaha ya kuchekesha watu siku ile.

Mkanda wa kwanza ulikuwa mkonge mtupu, safu baada ya safu, na watu waliobeba matita ya majani mabegani wakimtazama baba kama wanaomwambia apishe njia. Mkanda wa pili ulikuwa na Mto Mkondoa umefura, na umati umesimama ukingoni unautazama. Hakuna sauti kwenye filamu hizi. Sauti ni ya projekta tu, inatatarika kama cherehani.

Mkanda wa tatu ulianza na moshi, na moshi ulipopungua nikamwona mama.

Nilimjua kwa jicho lake moja, dogo kuliko lenzake, ambalo na mimi ninalo. Alikuwa anasonga ugali uani, mwiko uko mkono wa kulia, anasonga kwa nguvu huku akimcheka mtu asiyeonekana, bila shaka baba nyuma ya kamera. Kumbe alikuwa mtu wa kucheka. Picha ile ya harusi ilinidanganya. Nilimwita mume wangu, akaja, nikashindwa kumwambia nilichomwitia, nikabaki kuonyesha kwa kidole.

Kisha akaonekana bibi, mama yake baba, ameketi kwenye kigoda mlangoni. Akasema kitu, ameinua kidevu. Mama akauacha mwiko, akachota maji mtungini, akaja na kikombe kwenye mkono wa kulia. Alipofika mbele ya mkwewe akapiga goti, inavyotakiwa. Na hapo, mbele ya macho yangu, akakihamishia kikombe mkono wa kushoto, akampa. Kikombe kikayumba, maji yakamwagika mapajani mwa bibi. Nyuma yao msichana mmoja, ambaye jua lilimfuta uso, akafunika mdomo kwa kiganja. Mkanda ukaruka, wakaja mbuzi.

Kwetu mtu hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Mtoto anayejifunza kusema akikupa hata jiwe kwa kushoto, unalikataa mpaka abadilishe. Kumpa mkwe maji kwa kushoto ni afadhali umwambie kwa mdomo kwamba humtaki, hapo ataweza kukujibu. Na mama hakuwa na kisingizio. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima, umetoka kusonga ugali, ulikuwa tayari umeshika kikombe. Alibadilisha kwa makusudi.

Nilirudisha mkanda nikaangalia tena, kisha tena. Masikio yaliniwaka. Maisha yangu yote nilikuwa nimewabishia watu wa baba kimoyomoyo, na sasa nilikuwa na filamu ya baba mwenyewe inayosema walikuwa wakweli. Lisemwalo lipo.

“Labda alisahau,” mume wangu alisema.

“Mtu hasahau mkono.”

Kwenye video yangu nikakikata kile kipande. Nikabakiza mama anayesonga na kucheka, kisha mbuzi.

Ningenyamaza, lingeishia hapo. Tatizo langu sijui kunyamaza, hasa ninapojiona mwadilifu. Kwetu kosa la marehemu halizikwi naye. Siku ya mazishi husimama mtu wa familia akauliza kama kuna aliyekosewa na marehemu, aseme, au asamehe. Baba alinisimulia kwamba siku ya mama aliuliza yeye mwenyewe, na upande wake hakuna aliyefungua kinywa. Hawakusema wamekosewa na hawakusema wamesamehe. Sasa nikaamini nimeuelewa ukimya ule. Bibi aliingia kaburini na kinyongo chake, na mama bado anadaiwa.

Radhi ya namna hiyo huombwa na binti wa kwanza, maana kwetu yeye ndiye husimama mahali pa mama yake. Huipokea mkubwa aliyebaki upande wa aliyekosewa, na mkubwa aliyebaki ni shangazi. Lakini nisijifiche nyuma ya desturi. Hakuna aliyenituma. Nilitaka shangazi aone kwamba adabu aliyonifundisha imeshika, kwamba mimi si mama yangu mtupu. Nilikuwa tayari kumtoa mama kafara ili nionekane nimelelewa.

Nikanunua doti ya khanga na kuku mtetea, maana mkono mtupu haulambwi, nikapanda basi la asubuhi la Kilosa. Kuku alilalamika njia nzima mpaka Zombo, halafu akakata tamaa.

Shangazi nilimkuta kwake Kilosa, barazani, anachambua maharage. Sasa ni mzee, magoti yamemchosha, lakini macho yake bado yanamwona mtu anayeingia getini kabla hajajiona mwenyewe.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona na kuku, nani kaposwa?”

Nikamweleza. Nilimwambia nimepata filamu za baba, nimemwona mama, nimeona alivyompa bibi maji. Sikumwonyesha. Niliona aibu aone kwa macho kitu ambacho tayari alikuwa akikijua, na kipande chenyewe nilikuwa nimekikata. Nilimwambia kwa maneno, nikiwa nimeinamisha kichwa.

“Umeona mwenyewe?” aliuliza.

“Kwa macho yangu.”

“Mkono wa kushoto?”

“Wa kushoto, shangazi. Na maji akamwagia.”

Aliacha kuchambua. Nilingoja aseme, “Si nilikwambia?” Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo safari nzima. Hakusema. Alitazama maharage kwenye ungo kama anayetafuta jiwe, kisha akasema radhi haiombwi kichochoroni, akaagiza waitwe wanawake wa ukoo walio karibu.

Walikuja na kujaa sebuleni. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikaweka khanga mbele ya shangazi, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mama yangu alimdharau mkwewe kwa mkono wa kushoto, nimeshuhudia, na ninaomba radhi kwa niaba yake na kwa niaba ya kizazi chake. Nilisema vizuri sana. Sauti ilinitetemeka mahali panapostahili.

Shangazi akasema, “Nimepokea. Yaishe.” Alisema akitazama sakafu. Vigelegele vikapigwa, na kuku akaliwa mchana uleule. Wakati wa kuagana, mmoja wa wake wa binamu zangu alinishika bega. “Wewe angalau ni mkweli,” aliniambia. “Mama yako tulikuwa tunamsikia tu.” Na mimi nikamshukuru. Nilirudi Mikumi nimekuwa mwepesi, nimeegemea dirisha la basi, nikijiona nimefanya jambo. Naona aibu kwa wepesi ule kuliko kwa kitu kingine chochote nilichofanya.

Mikanda mingine ilikuwa bado. Keki zilipopungua nikaziba tena madirisha, nikaimalizia. Wa mwisho kabisa ulikuwa umepigwa na mtu asiyejua, picha inayumba, watu hawana vichwa. Kamera ilikuwa imeshikwa na mwingine kwa sababu aliyekuwa anapigwa ni baba. Alisimama kando ya mashine ya kuchakata mkonge, akainua viganja vyote viwili kumwambia mpigaji arudi nyuma.

Mashine ileile ndiyo iliyomla baba kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kabla sijazaliwa. Mkono huo naujua kuliko uso wangu. Ndio alionishika nao akinipeleka shule, kwa kuwa wa kulia ulikuwa unasukuma baiskeli. Nikiwa mdogo nilikuwa naingiza kidole changu kwenye pengo lile. Kwenye karatasi yangu ya keki, kidole kilichokosekana kilikuwa cha mkono wa kulia.

Nikasimamisha. Nikainua mikono yangu mwenyewe, nikaitazama, nikatazama ya baba. Nikafikiri labda amegeuka, labda nimechoka. Kisha nikafanya jambo dogo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa na kiburi. Nilizunguka boksi, nikasimama upande wa projekta, nikaitazama karatasi ileile, picha ileile. Kidole kilikosekana mkono wa kushoto.

Karatasi ukiitazama kwa nyuma, kulia huwa kushoto, sawa na maandishi ya kioo cha duka ukiyasoma ukiwa ndani. Kile kioo cha yule bwana kilikuwa kinaigeuza picha kabla haijafika kwenye karatasi, ili ukiirekodi kwa nyuma ikae sawasawa. Ndiyo kazi yake. Kila kitu nilichokuwa nimerekodi kilikuwa kimegeuka. Mkonge unaonekana mkonge hata ukigeuzwa, mto ni mto, mbuzi ni mbuzi, nani angejua?

Nilikaa sakafuni. Mume wangu aliingia, akanikuta hapo, akaitazama picha ya baba, akaitazama mikono yangu. Naye ni mtu wa mashine, alielewa. Hakusema neno juu ya kioo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alikwenda chumbani akakileta, akakishikilia mshazari kwa mikono yake, muda wote niliokuwa narekodi upya mkanda wa tatu.

Moshi. Kisha mama, safari hii jinsi alivyokuwa. Mwiko uko mkono wa kushoto. Kumbe mama yangu alikuwa na mashoto, na hakuna aliyewahi kuniambia. Alisonga kwa kushoto, akachota maji kwa kushoto, akakibeba kikombe kwa kushoto, mkono wake wa nguvu. Alipopiga goti mbele ya mkwewe, ndipo alipokihamishia kikombe kwenye mkono wa kulia, mkono ambao haukuzoea kazi yoyote, akampa. Ndiyo maana kikombe kiliyumba. Kile nilichokiita dharau kilikuwa ni heshima inayomshinda nguvu, na bado anaitoa.

Mimi ndiye niliyemwona hivyo kisha nikapanda basi kwenda kumsema. Shangazi na wenzake walimsema kwa maneno miaka yote na sikuwaamini. Karatasi ya keki ikaniambia mara moja, nikaamini. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa kuwa yule bwana alisema weka kioo.

Nilikaa siku nyingi nikijiambia maji yakimwagika hayazoleki, niyaache. Wazee wachache waliobaki watakufa, na mambo yataisha. Lakini nilikuwa najua kinachozungumzwa Kilosa. Kilichokuwa uvumi wa mawifi sasa kilikuwa ushahidi wa binti yake mwenyewe. Mama alikuwa amekaa kaburini na sifa mbaya nusunusu, mimi nikaikamilisha.

Kwa hiyo nikarudi. Safari hii sikubeba kuku, kwa sababu sikujua desturi inasema ubebe nini unapokwenda kuirudisha radhi. Nilibeba kompyuta ndogo ya mwanangu ndani ya kikapu, nimeifunga kwa khanga isipate vumbi. Shangazi aliniitikia shikamoo bila utani wowote. Alikuwa kama aliyekuwa akinisubiri.

“Nimekuja kusema nilikosea,” nikamwambia. “Filamu niliigeuza. Si mama aliyekosa, ni mimi.”

Nikaiweka kompyuta kwenye stuli mbele yake, nikaiwasha. Aliinamia kioo cha kompyuta mpaka pua ikakaribia kugusa. Mama alipotokea kwenye moshi alitikisa kichwa polepole.

“Ndiye,” alisema.

“Alikuwa na mashoto, shangazi?”

“Kila kitu. Kulima, kushona, kusuka nywele. Kupeana tu ndiko alikojilazimisha kulia. Alipoingia kwetu tulimchamba mpaka akajifundisha.”

Mama akapiga goti, akabadilisha mkono, maji yakamwagika. Msichana akafunika mdomo. Safari hii nilikuwa nimerekodi kwa mwanga uliopunguzwa, na ule uso uliokuwa umefutwa na jua ulionekana kidogo. Sikuuliza. Shangazi alisema mwenyewe.

“Anayecheka ni mimi.” Aliweka kidole kwenye picha. “Mama yangu, bibi yako, hakuwa na kiu siku ile. Tulikuwa tunamtuma maji bila kiu, ili tumwone akimwaga.”

Nje mtu alipita na pikipiki. Nilingoja mlio upotee, kwa maana sikutaka kuuliza kwa sauti kubwa.

“Mbona uliipokea radhi yangu, na ulikuwa unajua?”

“Siku tuliyomzika, kaka yangu aliuliza nani amekosewa na marehemu. Hakuuliza nani alimkosea. Kwa hiyo nikanyamaza, nikabaki nalo.” Aliifunga khanga kiunoni upya, ingawa haikuwa imelegea. “Ulipokuja na kuku wako ukasema mwenye kosa ni yeye, na umeona kwenye filamu, nikajiambia labda nimekumbuka vibaya. Filamu itasemaje uongo? Wiki ile nililala, mwanangu. Nililala kama mtoto.”

Sikuweza kumkasirikia. Wepesi aliokuwa akiuzungumza niliujua, nilirudi nao kwenye basi.

Akaagiza wanawake waitwe tena. Nilimwambia si lazima, nitawaeleza mimi, kosa ni langu. Akasema kosa langu niliseme, na lake atalisema. Walikuja walewale, wakidhani kuna kuku mwingine. Tuliunganisha kompyuta na runinga ya sebuleni, nikasimama nikaeleza kuhusu kioo na karatasi, nikajikanyaga, wengine hawakuelewa. Nikawaonyesha picha zote mbili, iliyogeuka na iliyonyooka, hapo wakaelewa. Yule mke wa binamu aliyenisifu kwa ukweli alikuwa akichezea pindo la mtandio wake na hakuniangalia.

Mama akatoa maji kwa mkono wa kulia mbele ya ukoo mzima wa mume wake. Nikasimamisha picha hapo, amepiga goti, kikombe kinayumba.

“Anayecheka ni mimi,” shangazi aliwaambia na wao.

Kisha akaanza kushuka kwenye kiti. Nilidhani anataka kutoka nje, nikamshika. Alikuwa anashuka chini, kwenye mkeka, na magoti yale. Nikamkataza. Haifai shangazi ampigie magoti mtoto aliyemlea. Hakuwa anampigia mtoto. Akaniangalia kwenye lile jicho langu dogo.

“Wifi,” aliniita. “Nilikucheka. Nisamehe.”

Sebule nzima ilinigeukia nijibu. Kwa desturi nilipaswa kusema nimepokea, yaishe, na vigelegele vingepigwa, na mambo yangeisha kweli, kwa sababu binti wa kwanza ndiye kinywa cha mama yake. Nikakifungua kinywa, nikakumbuka kilitumika kwa kazi gani mara ya mwisho, kwenye mkeka uleule. Yeye alimcheka mama akiwa msichana, kisha akaona aibu maisha yake yote. Mimi nilimhukumu nikiwa mtu mzima, nikaona raha.

Nikashuka nikakaa ubavuni mwake, begani mwake kabisa, sote tumeielekea runinga ambako mama alikuwa bado amepiga goti.

“Shangazi,” nikamwambia, “tuombe wote. Wa kutujibu hayupo.”